Kiti cha Mkaguzi

Nyumba ya fundi wa makochi haikuwa na hata kigoda. Ungeingia sebuleni kwetu wakati huo ungekuta mkeka, mito miwili, meza fupi, na ukuta mtupu mahali ambapo zamani lilikaa kochi la watu watatu. Wageni walisimama mlangoni wakitafuta kwa macho pa kuketi, nami nikawaambia, "Karibuni chini, sakafu haijawahi kumwangusha mtu." Wengine walicheka, wengine walidhani tumefilisika. Hatukuwa tumefilisika. Mume wangu alikuwa amevitoa viti vyote nje, kimoja baada ya kingine, kwa sababu Mkaguzi alimwambia hakuna kilicho salama.

Nimtambulishe Mkaguzi kabla hujaanza kumtafuta. Mkaguzi ni sauti. Hana sura, hana miguu, hali chakula cha mtu, na anayemsikia ni mume wangu peke yake. Alikuwa akisikika nyuma ya bega la kulia, sauti ya mwanamume mwenye mafua, anavyosema mume wangu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutia kasoro. "Hiyo gundi haijashika. Huo mguu utavunjika. Mtu atakaa hapo, ataanguka, na wewe ndiye utakayekuwa umemuua." Hayo kutwa kucha. Jina alilipata kwa mume wangu, aliyesema kwamba mtu anayetafuta makosa bila kushika nyundo hawezi kuwa mwingine ila mkaguzi.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni vichwa vya watu, lakini kwa nje. Vya ndani sikuvijua, wala sikutaka kuvijua. Nina hasira za karibu na mdomo usio na breki, na wateja wangu husema wanakuja saluni kusukwa na kusemwa kwa bei ileile. Mume wangu ni kinyume changu kabisa. Ni mpole, wa maneno machache, mtu wa kuupapasa ubao kwanza ndipo auongelee. Watu walivuka mitaa wakimfuata, maana kochi lake ukilikalia hukumbuki tena ulichokuwa unataka kwenda kufanya.

Yalianza baada ya kochi moja kuvunjika. Mteja, mwanamume mnene mcheshi, aliketi, mguu wa nyuma ukaachia, akaanguka na kuvunjika mkono. Mkono ulipona. Mteja mwenyewe alikuja karakanani, bandeji bado ikiwa shingoni, akamwambia mume wangu, "Fundi, usijali, mimi nimeshavunja hata vitanda." Watu wote walicheka isipokuwa mume wangu. Usingizi ulimpaa. Akawa anarudi karakanani kuvikagua viungo alivyokwisha kuvikagua, kisha anarudi tena. Halafu siku moja anapiga msasa, akasikia mtu nyuma ya bega anamwambia, "Hata huo utavunjika." Akageuka. Hakukuwa na mtu.

Sitasimulia kote tulikozunguka. Kila aliyetupa ushauri tulimsikiliza, na ushauri ni kitu ambacho watu hawana ubahili nacho. Mwishowe tulifika kwa daktari wa magonjwa ya akili, akampa vidonge, na vidonge vilimrudishia usingizi na hamu ya kula. Navishukuru mpaka leo, na bado anavimeza. Lakini Mkaguzi hakuondoka. Alipunguza makelele tu, maneno yakabaki yaleyale. Mume wangu akafunga karakana yake, akawa anashinda kwa fundi jirani akikata sponji, kwa kuwa sponji, alisema, haimwangushi mtu.

Haya yote ningeyavumilia, kama si mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mkubwa wa umbo na mkubwa wa kauli, na magoti yake yaligoma kukunjika zamani. Akishuka chini, hapandi mpaka waitwe watu. Mara ya mwisho alipokuja kwetu kilikuwa kimebaki kiti kimoja, na alipokisogelea, mwanawe alijitupa mbele yake, amenyoosha mikono. "Usikae, mama! Nakuomba usikae!" Mimi huku nikageuza ndoo, nikatandika mto juu yake, nikaongea habari za kuazima kiti kwa jirani. Mama akakataa vyote. Alikula amesimama, sahani mkononi, mgongo ukutani. Alipomaliza akajitanda mtandio wake, akasema:

"Mimi ni mama wa fundi viti. Sikalii ndoo, sikalii cha kuazima, nyumbani kwa mwanangu mwenyewe. Siku atakayonitengenezea kiti nitakuja. Kabla ya hapo, na aje yeye kwangu."

Lakini yeye kwa mama yake hakwenda, maana kule viti vyote alivitengeneza yeye, na hakuweza kustahimili kumwona mama yake ameketi juu ya kazi ya mikono yake. Miaka ikapita hivyo. Mtu na mama yake, mji mmoja, wanaonana kwa simu. Mama anazidi kuzeeka, na mume wangu kila akikata simu anauficha uso kwa kujifanya anatafuta chaja. Chaja ilikuwa palepale siku zote. Nilikuwa nayaona yale na roho inaniuma, nami nikiumwa roho huwa nafoka, basi nilifoka sana miaka ile.

Daktari ndiye aliyetutuma kwa mshauri. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu wa hospitali, kina dirisha lisilofunga vizuri, feni inayokoroma, meza, na viti vya mbao ambavyo mume wangu alivitazama kwa mashaka toka mlangoni. Hakukaa. Mshauri, mama wa rika langu mwenye raba miguuni na sauti ya taratibu, hakumwambia akae. Alisimama naye. Siku ile ya kwanza waliongea wima karibu na dirisha mwanzo mpaka mwisho, na mimi nimeketi peke yangu katikati ya chumba kama bosi.

Nilitegemea atamwambia kwamba Mkaguzi hayupo. Wote walikuwa wamemwambia hivyo. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya lile bega la kulia na kufoka, "Mkaguzi, kama wewe ni mwanamume, jitokeze!" Mshauri hakuingia huko kabisa. Aliuliza, "Huyu Mkaguzi, anaogopa nini?"

Mume wangu alikunja uso. "Anaogopa? Yeye ndiye anayeniogopesha mimi."

"Najua. Lakini mtu anayekagua mguu wa kiti usiku na mchana, hapumziki, haridhiki, lazima ana kitu kinamsumbua. Hebu muulize."

Feni ikakoroma. Nilimwona akigeuza kichwa kidogo kulia, kama anavyofanya akiitwa na mtu mtaani.

"Anasema," akaanza, akasita. "Anasema anaogopa mtu ataumia."

"Kumbe mnaogopa kitu kimoja," alisema mshauri.

Nilikuwa nimemchukia yule kiumbe kwa moyo wangu wote, na haikunijia hata mara moja kwamba na yeye anaweza kuwa na hofu.

Mshauri alitueleza kwa maneno ya kawaida. Ndani ya kila mtu, alisema, kuna upande unaolinda, na upande huo ukishatishika sana hausikii tena neno "acha". Ukiufokea unaogopa zaidi, na ukiogopa zaidi unapiga kelele zaidi. Lakini upo na upande mwingine, ule unaombeba mtoto aliyeanguka na kumpangusa vumbi kabla haujauliza nani kamsukuma. Huo unaweza kufundishwa na kukuzwa. "Hatuko hapa kumfukuza Mkaguzi," alisema. "Tunaukuza huo upande wa huruma mpaka uweze kuwatuliza wote wawili, yeye na wewe." Alipotaja habari za kufoka alinitazama kidogo, nami nikaangalia kucha zangu.

Mume wangu hakupenda. Wema ulimwasha. Akiambiwa ajiambie neno la upole anakasirika, mtu ambaye hakasiriki. "Nijipe pole ya nini? Aliyevunjika mkono ni mteja." Mshauri hakumlazimisha. Alisema basi maneno tuyaache, tuanze na sauti tu. Aweke nyayo zote mbili sakafuni, apumue taratibu, alegeze uso, kisha aseme neno lolote, hata "sabuni", kwa sauti ambayo angemsemesha nayo mtu anayempenda. Afanye kila siku nyumbani, mahali pa utulivu.

Zoezi hilo nusura livunje ndoa yangu. Siku moja nimerudi mapema kutoka saluni, nakuta mlango wa bafu umefungwa, na ndani namsikia mume wangu anaongea. Si sauti ninayopata mimi nikimwomba abadilishe mtungi wa gesi. Ilikuwa laini, ya chini, asali tupu. "Pole. Najua umechoka. Umenihangaikia sana miaka yote hii. Njoo upumzike kidogo."

Jamani! Moyo ulinilipuka. Niliupiga ule mlango kwa kiganja mpaka kitasa kikacheza.

"Ni nani huyo?"

Maji yakaacha kumwagika. Halafu, "Nani nani?"

"Huyo aliyekuhangaikia! Huyo unayemwita aje apumzike! Fungua!"

Alifungua amejifunga taulo, povu sikioni, uso wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Simu hana. Nilichungulia nyuma ya pazia, nikachungulia nyuma ya mlango, nikafunua mpaka pipa la maji.

"Ni Mkaguzi," alisema.

Niliketi juu ya ndoo nikacheka mpaka machozi. Na niseme ukweli, katikati ya kicheko niliona wivu hasa, maana sauti ile mimi sikuwahi kupewa, wala siku ya posa. Nilimwambia hivyohivyo. Tangu siku hiyo zoezi likahamia sebuleni, na zamu ya kwanza ya kubembelezwa ikawa yangu.

Miezi ikaenda. Mkaguzi alisema yaleyale, ila kwa sauti ya chini zaidi, na mara mojamoja alinyamaza. Ndipo mshauri akaona wakati umefika. Alivuta kiti kitupu mpaka mbele ya mume wangu, ambaye bado alikuwa amesimama.

"Leo tumkaribishe Mkaguzi akae hapa," alisema. "Mbele yako, badala ya nyuma ya bega. Kisha umsemeshe kwa ile sauti."

Mume wangu alikitazama kiti. Akainama, akaushika mguu wa nyuma, akautikisa. Ukalia.

"Hapa?"

"Hapa."

"Hapana."

"Ni kawaida kuogopa," mshauri alisema kwa upole. "Tunaweza kungoja."

"Siogopi. Kiti chenyewe kibovu." Alikipindua miguu juu, akakiweka mezani juu ya makaratasi ya watu. "Ona hapa, kiungo kimelegea. Skrubu imeshakula ubao. Na hiki walichobandika chini si ubao, ni kadibodi. Siwezi kumkaribisha mtu kwenye kiti kama hiki. Hata awe adui yangu."

Mimi nilijua tumeharibu. Mtu kapewa zoezi la kumponya, yeye analeta ufundi! Nikamnong'oneza, "Bwana wee, ni kiti cha mfano tu. Mkaguzi mwenyewe hana hata makalio!" Hakunisikia. Alikuwa anapapasa mifuko ya suruali akitafuta kitu. Nikamgeukia mshauri nimwombe radhi, nikakuta ameziba mdomo kwa mkono na macho yanang'aa. Hapo nami nikaona. Tangu afunge karakana, mume wangu alikuwa hajashika kiti isipokuwa kukitoa nje. Sasa alikuwa ameshika kiti anataka kukitengeneza.

"Una bisibisi?" alimwuliza mshauri.

Hospitali nzima haikupatikana bisibisi. Mshauri akasema, "Basi kichukue nyumbani. Mtengenezee Mkaguzi kiti chake."

Getini mlinzi alituzuia, kama alivyopaswa. "Hicho kiti cha hospitali mnakipeleka wapi?" Mume wangu hajui kusema uongo hata akilipwa. Akajibu, "Ni cha Mkaguzi." Mlinzi alinyooka, akatengeneza kofia, akatufungulia geti zima kana kwamba tuna gari. Nilibana mdomo mpaka tukakata kona, halafu nikashindwa, nikashika ukuta wa watu nikacheka. Mume wangu aliendelea kutembea, kiti begani, hajui nacheka nini.

Nilidhani atakaza skrubu na gundi kidogo basi. Alikivua chote, akakiacha uchi. Karakana iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa, vumbi likapanguswa, patasi zikanolewa. Nilikuwa nampelekea chai na kusimama mlangoni bila kubisha, nisikilize. Mkaguzi anasema gundi haijashika, mume wangu anamjibu, "Umeona vizuri, tuipe muda." Mkaguzi anasema mguu utavunjika. "Haya, tutie kabari hapa, na skrubu ndefu hapa. Unaonaje?" Nusu ya mazungumzo nilikuwa siisikii, lakini nusu niliyoisikia ilikuwa ya mafundi wawili wanaoelewana.

"Huogopi?" nilimwuliza siku moja.

"Huyu hana uzito," alisema. "Hata kiti kikivunjika, yeye haanguki." Akapuliza vumbi la mbao, akafikiri. "Na mtu aliyesimama nyuma ya bega langu miaka yote hii, miguu lazima inamuuma."

Nilimpa chai yake nikaondoka haraka, nisije nikalilia kazi ya watu.

Kiti kilipokamilika kilikuwa na mikanda mipya ya mpira, sponji nzito, kitambaa cha kijani na misumari ya njano pembeni. Alikiweka sebuleni, kwenye ule ukuta mtupu. Kila asubuhi alisimama mbele yake, nyayo sakafuni, akaongea na Mkaguzi kwa ile sauti ya bafuni. Baadaye aliniambia kwamba sauti sasa ilikuwa inatoka pale kitini zaidi kuliko begani. Tukaishi hivyo, watu wawili mkekani na asiyeonekana kitini. Nilipofagia nilimwambia, "Samahani mheshimiwa, nyanyua miguu." Ilikuwa raha, tusidanganyane. Lakini mama alikuwa bado yuko kwake na sisi kwetu, na kiti chenyewe hakuna mwenye mwili aliyeruhusiwa kukikaribia.

Kisha mimi, kwa uchovu wangu, nikafanya niliyoyafanya. Nilikuwa nimesuka kutwa, miguu imevimba, kiuno si changu. Nimeingia ndani, nyumba kimya, kiti kinanitazama. Sikufikiri. Nilijitupa.

Naomba niseme kidogo kuhusu kiti kile. Kilinipokea. Mgongo wangu ulipata kila ulichokuwa unakidai tangu asubuhi, na nikatoa mguno ambao si wa kutolewa mbele ya watu. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mume wangu alikuwa mlangoni, mkate umemdondoka mkononi.

"Umemkalia Mkaguzi!" alisema.

Nilitaka kuruka, miguu ikakataa. Na hapo niliogopa kweli, kwa sababu uso wake ulikuwa umekuwa uleule wa siku ya mama yake, na nikaona kazi yote ya miezi inaanguka kwa ajili ya makalio yangu. Nikakumbuka mshauri. Nikalegeza uso, nikaishusha sauti mpaka mahali ambapo sauti yangu haijawahi kufika.

"Anasemaje?"

"Anapiga kelele. Anasema utaanguka."

"Na wewe, unamwambiaje?"

Alisimama palepale. Niliziona nyayo zake zikikanyaga sakafu sawasawa, moja, halafu nyingine. Alivuta pumzi, akaitoa. Akaja, akachuchumaa kando yangu, akapitisha kiganja chini ya kiti.

"Namwambia ashike upande ule," alisema, "mimi nishike huu."

Tukakaa hivyo, mimi katikati, mume wangu kushoto, Mkaguzi kulia, mkate sakafuni. Hakuna aliyeanguka. Polepole kiganja chake kikalegea, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka. Kicheko kilikuwa kimekaa bila kutumika muda mrefu, kikatoka kwa kukwamakwama, mpaka akaketi chini na kujishika mbavu. "Mkubwa mzima," alisema, "umemkalia mkubwa mzima!" Ndipo mimi nikalia, na nikalia vizuri.

Siku iliyofuata alimpigia mama yake. Nilikuwa karibu, nikaweka spika.

"Mama, kutoka gotini mpaka kisiginoni una kiasi gani?"

"Kwani unanishonea suruali?"

"Nataka kukutengenezea kiti."

Upande wa pili tukasikia mtu anavuta kamasi na kukohoa kwa makusudi.

"Ngoja nitafute futi," alisema mama.

Kiti cha mama kilichukua muda mrefu kuliko kochi lolote alilowahi kutengeneza. Alikifanya kirefu, ili magoti yasilazimike kukunjika sana, na chenye mikono mipana imara ya kujisukumia wakati wa kunyanyuka. Mkaguzi alitia kasoro kila hatua, na baadhi ya kasoro, mume wangu alikiri, zilikuwa za kweli. Walikijaribu kwa mifuko ya mchanga, kisha kwa mimi, kisha kwa wateja wangu wa saluni mmoja baada ya mwingine, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, mpaka yule mkubwa kuliko wote ambaye alikaa akagoma kuondoka. Katikati ya hayo mume wangu alirudi hospitali na kisanduku cha vifaa, akakaza viti vyote vya chumba cha mshauri, na alipomaliza akachagua kimoja, akakikalia. Mshauri naye akaketi. Waliongea wameketi kama watu.

Sitaki kutia chumvi. Zilikuwepo asubuhi mbaya, ambazo Mkaguzi aliamka mkali na mume wangu akabaki mkekani amejifunika mpaka kichwa. Siku hizo hakujilazimisha kazi. Alijipa pole kwanza, na sasa ilikuwa haimwashi sana.

Siku ya mama ikafika. Alishuka kwenye teksi akakataa mkono wangu, akakataa mkono wa dereva, akaingia ndani kwa fimbo yake. Alisimama katikati ya sebule. Viti viwili vilikuwa ukutani, cha kijani na cha kahawia. Mwanawe alikuwa kati yake na kile cha kahawia, na kwa muda mfupi nilidhani atanyoosha tena ile mikono yake.

"Shikamoo mama," alisema, akapisha njia.

"Marahaba baba."

Nilimwambia, "Mama, shuka taratibu basi." Nilipoteza maneno yangu. Yule mama hajui kukaa taratibu. Aligeuka, akalenga, akajiachia mwili wote.

Kiti kikalia, kwii.

Uso wa mume wangu ulipauka, na jasho likamtoka juu ya mdomo. Nilimwangalia miguuni, maana usoni sikuthubutu tena. Nyayo zote mbili zilikuwa sakafuni. Akageukia kile kiti cha kijani, na mbele ya mama yake, ambaye alikuwa na habari za Mkaguzi lakini hakuwahi kumsikia mwanawe akiongea naye, akasema kwa ile sauti:

"Nimesikia. Hata mimi nimeogopa. Ahsante kwa kumlinda mama. Kaa, tumwangalie pamoja."

Nikamtazama mama mkwe, tayari kumpa maelezo. Hakuhitaji. Alikuwa anakitazama kiti cha kijani kwa makini, kisha akamtazama mwanawe.

"Ndiye yule?"

"Ndiye, mama."

"Anasemaje?"

Mume wangu alisikiliza. Nikaona kitu kinaanza pembeni ya midomo yake.

"Anasema mto wa mgongo uko juu kidogo."

Mama aliegemea. Akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, amefumba macho kama anaonja mchuzi.

"Kweli uko juu," alisema. "Mwambie hajakosea. Haya, lete sindano."

Mume wangu alikimbilia karakanani, akarudi na sindano ndefu na uzi, anacheka na machozi yanamtiririka yote kwa pamoja, wala hakutafuta chaja.

"Nyanyuka kidogo basi, mama, niushushe."

"Sinyanyuki," alisema mama mkwe wangu, ameishika mikono ya kiti kwa nguvu zake zote. "Nishonee humuhumu. Nimesimama vya kutosha."

Mwanawe akapiga magoti nyuma ya kiti, akaanza kufumua uzi.